Shilingi 30,000 kwa mwezi, vijana 12 wa kujitolea: nauli, posho, ada au mtaji?

Makanisa, misikiti, vyama vya wakaazi na jamaa walio ughaibuni wanaotaka kuwashika mkono vijana wa mtaani hapa Nairobi hukwama mapema kwenye swali moja: tuwape nini? Jibu lake hupanga mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Huamua nani atajiunga, nani atabaki, na kama kutakuwa na mtu wa kushika beleshi mwaka ujao.

Njia zinazotumika ni nne. Ya kwanza ni kulipia gharama zinazompata anayejitolea: nauli, chakula, bando, vifaa. Ya pili ni posho ya kila mwezi. Ya tatu ni kumlipia ada ya shule au ya mafunzo kwa kadiri ya kazi aliyoifanya. Ya nne ni kukipa kikundi mtaji wa biashara ya pamoja. Tutazipima zote kwa mfuko mmoja: shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, na vijana 12 wa mtaa mmoja, uwe Kayole, Kawangware, Mathare au Kariobangi. Kazi yao iwe ni kuzibua mitaro na kuokota taka Jumamosi 48 za mwaka, na kuwasimamia watoto wa shule wanaofanya kazi za ziada jioni mbili kwa wiki. Bei tunazotaja za nauli, chakula na vifaa ni za kupangia bajeti. Zipime upya kwa bei za mtaa wako.

Kijana kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Walio chini ya 18 wanaweza kushiriki kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa na kutiwa sahihi, lakini wasiingie mtaroni wala wasishike pesa za kikundi.

| Njia | Mfuko wa 360,000 unakwendaje | Hukwama wapi |
|---|---|---|
| Gharama | 216,000 pamoja na bima ya afya. 144,000 zinabaki | Kijana haondoki na chochote cha kudumu |
| Posho kwa wote | 2,500 kwa kila mmoja, mfuko umekwisha | Hakuna vifaa. Kazi hufa pesa zikichelewa |
| Ada kwa pointi | Hadi 60,000 kwa mwaka | Upendeleo katika kuandika pointi |
| Mtaji | Kwa awamu, baada ya miezi sita ya akiba | Biashara humeza kujitolea, au washirika hugombana |

Msimamo wetu tuuseme mapema. Anza na gharama, ongeza ada, weka posho kwa watu wawili tu wenye majukumu ya kila wiki, na mtaji usubiri.

Kulipia gharama

Mfuko mdogo hauna njia bora ya kuanzia kuliko hii. Hesabu yake ni nyepesi: nauli 100, chakula 150, bando 50. Hizo ni 300 kwa mtu kwa Jumamosi moja, 3,600 kwa vijana 12, na 172,800 kwa Jumamosi 48. Anayekuja kwa miguu hahitaji ile 100 ya nauli. Isirudi mfukoni mwa mfadhili. Itumike kwa chai na nauli za zamu za jioni.

Kosa kubwa ni kurudisha pesa baada ya kazi. Kijana asiye na shilingi 100 asubuhi hawezi kukukopesha nauli hadi saa nane mchana. Hatasema hana, ataacha tu kuja, nawe utamwita mvivu. Nauli itumwe Ijumaa jioni kwa M-Pesa, na kwa anayetoa pesa kwa wakala, ongeza ada ya kutoa. Ukimtumia 100 kavu kisha akakatwa, hiyo si nauli kamili tena.

Matatu hazitoi risiti, kwa hiyo usidai risiti. Tengeneza jedwali la nauli: kutoka wapi hadi wapi, asubuhi ni ngapi, mvua ikinyesha ni ngapi. Libandikwe mahali pa mkutano, na kila mtu atie sahihi kwenye karatasi ya siku. Nauli za Nairobi hupanda mvua inaponyesha na shule zinapofunguliwa, basi lipitieni kila baada ya miezi mitatu. Jedwali lililo wazi pia hukata fitina, kwa kuwa wa mbali na wa karibu wanajua kwa nini hawapati sawa.

Chakula kiagizwe kwa kibanda kimoja kilicho mtaani, kwa makubaliano ya wiki: chapati na madondo, au ugali na sukuma na maharagwe, kiasi cha kumshibisha mtu aliyechimba mtaro. Pesa hubaki mtaani. Mama wa kibanda naye akijua hesabu ya Jumamosi mapema, hapunguzi vipimo. Mwezi wa Ramadhani, kwa mitaa kama Pumwani na Eastleigh, anza kazi alfajiri na umalize kabla ya saa nne asubuhi, na wanaofunga wapewe fungu lao kwa ajili ya futari.

Bima ya afya husahaulika hadi mtu akanyage msumari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima: 3,600. Kwa vijana 12 ni 43,200. Kabla ya kulipa, kila mmoja akamilishe usajili na tathmini ya mapato, maana anaweza kupangiwa kiasi kikubwa zaidi. Mwenye ajira tayari hukatwa kwenye mshahara wake; usimlipie mara ya pili.

Vifaa tuviwekee 36,000 kwa mwaka. Kwa watu 12 nunua gambuti jozi 12 baada ya kuuliza saizi, glavu nzito za mpira jozi 24 kwa sababu nusu hupasuka kabla ya mwezi wa sita, reki 4, beleshi 4, majembe 2 ya meno ya kuvutia plastiki, wilibaro 2 na magunia yaliyotumika. Wilibaro ichaguliwe yenye tairi isiyojazwa upepo; ya upepo hutobolewa na misumari wiki ya kwanza, kisha hulala uani kwa mtu. Nunua pia koleo ndefu na chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko kwa ajili ya sindano na vipande vya chupa. Sindano haiokotwi kwa mkono hata wenye glavu, wala haitiwi guniani, kwa kuwa gunia hubebwa begani. Chombo kikijaa kipelekwe kituo cha afya kilicho karibu ambacho kimekubali mapema kukipokea.

Hapa kwenye mitaro kuna kosa linalopoteza jasho la Jumamosi nyingi. Vijana huzoa matope na taka, huyarundika ukingoni, hupiga picha na kwenda nyumbani. Mvua ya usiku mmoja huyarudisha yote mtaroni. Kabla ya beleshi la kwanza, kubaliana na afisa wa mazingira wa wadi ni siku gani gari la kaunti litapita. Gari likiwa halina uhakika, zibueni kipande kifupi ambacho mkokoteni unaweza kuhamisha taka zake siku hiyo hiyo. Matope mabichi ni mazito. Yakiachwa yachuruzike usiku mmoja wa kiangazi hubebeka kwa urahisi, lakini yasikae zaidi ya hapo. Mitaro izibuliwe Februari na Septemba, kabla ya masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mto au mtaro mkubwa ukishafurika, hakuna kijana wa kujitolea anayepaswa kushuka ndani yake. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu Nairobi, Mathare ikiwamo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haimwachii kijana kitu. Kwa miezi minne ya kwanza, chakula na nauli na heshima ya mtaa hutosha. Baadaye mwenye miaka 23 anayelala njaa siku nyingine sita huanza kuuliza anajenga nini, na ni haki yake kuuliza.

Posho ya kila mwezi

Mfadhili mwenye huruma huanzia hapa, na hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia. Gawa 30,000 kwa 12: kila mmoja 2,500, na haibaki hata shilingi ya glavu. Kwa kijana wa Nairobi 2,500 haitoshi kodi ya chumba cha mabati na chakula cha wiki mbili, lakini inatosha kumfanya aihesabu kama mshahara. Ikichelewa wiki mbili, mkutano wote wa Jumamosi huwa wa posho. Ikikatika, kazi hukatika siku hiyo hiyo, hata ile iliyokuwa ikifanywa bure kabla ya mfadhili kufika. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza zaidi: pesa huondoka na moyo uliokuwapo kabla yake.

Kisha kuna wale wasio kwenye orodha. Posho ya watu 12 katika mtaa wenye vijana 300 huzua swali la nani alichagua, na jibu likiwa ni mpwa wa mwenyekiti, kikundi kimepoteza baze (vijiwe vya vijana) zote jirani. Nauli na chakula havizui mzozo wa namna hiyo, kwa sababu hakuna anayegombania kuzibua mtaro kwa ajili ya madondo.

Liko pia suala la sheria. Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inaeleza jinsi kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja anavyoweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa. Ukimpangia mtu saa za kuingia na kutoka kila siku, ukampa msimamizi na malipo ya mwisho wa mwezi, neno kujitolea kwenye barua halitakukinga. Jumamosi moja na jioni moja kwa wiki, pamoja na kulipiwa gharama, ni jambo jingine kabisa.

Mifano ya serikali huwapotosha wengi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wamewekewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Wao wana kaya walizokabidhiwa, ripoti za kujaza na kituo cha afya kinachowasimamia. Kazi Mtaani ya 2020 nayo ililipa shilingi 455 kwa siku katika awamu yake ya pili. Huo ulikuwa ujira wa kazi za umma, na fedha zake zilitoka hazina ya taifa. Kikundi chenye mfadhili mmoja hakina hazina ya kukikinga mfadhili huyo anapougua au kupoteza kazi.

Posho inafaa mahali pamoja: kwa mtu ambaye asipofika, wengine wote hawawezi kufanya kazi. Katika kikundi chetu cha mfano hao ni wawili. Mmoja hutunza vifaa, hutuma nauli na kuwasiliana na kaunti. Mwingine hufungua ukumbi jioni na kutunza orodha ya watoto. Wape 2,000 kila mmoja kwa mwezi, 48,000 kwa mwaka, na barua ya ukurasa mmoja yenye mambo haya: kazi yenyewe, saa zisizozidi sita kwa wiki, kiasi, siku ya malipo, tarehe ya mwisho, na nani atakabidhiwa vifaa akiondoka. Nafasi hizo zizunguke kila mwaka kwa kura. Na kabla ya kutangaza posho yoyote, pesa za miezi sita ziwe tayari benki, kwa kuwa ahadi ni deni na mtaani deni hilo hudaiwa mlangoni.

Ada kwa pointi

Nairobi ina mfano wa muda mrefu wa njia hii. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanza 1987, kiliunganisha ligi ya mpira na usafi: timu iliyosafisha mtaa ilipata pointi kwenye jedwali la ligi. Wachezaji na viongozi waliojitolea nao waliweza kukusanya pointi na kulipiwa karo, na pesa zikaenda shuleni moja kwa moja. Kutoka huko ilizaliwa Mathare United, bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. La kuiga hapo ni kwamba kazi huandikwa, rekodi huwa wazi, na malipo huenda kwa taasisi.

Kwa kikundi kidogo mfumo uwe mwepesi. Jumamosi moja iwe pointi 4, jioni moja ya watoto iwe pointi 3, kila pointi ithaminiwe shilingi 20. Jioni mbili kwa wiki, watu watatu kwa kila jioni, wiki 36 za masomo, ni zamu 216. Zikigawanywa kwa 12 kila mmoja ana zamu 18. Asiyekosa hata siku moja atakuwa na pointi 192 za Jumamosi na 54 za jioni, jumla 246, yaani shilingi 4,920. Hata wote 12 wasipokosa, mfuko wa ada wa 60,000 hauzidiwi.

Shilingi 4,920 hazilipi muhula wa chuo, na tusijidanganye. Lakini zinalipa vile vitu vidogo vinavyomzuia kijana mlangoni. Cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai ni 1,050 kupitia eCitizen, na waajiri wengi hukidai siku ya kwanza. Mafunzo ya huduma ya kwanza yana kazi mtaani na pia hutiwa kwenye wasifu. Kijana aliyejifunza kuchomelea au kushona kwa fundi wa Gikomba au Kariobangi bila kukaa darasani anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, aanze daraja la tatu, apate karatasi ya ujuzi alionao tayari. Hilo la NITA linastahili kupewa kipaumbele, kwa sababu fundi asiye na cheti hulipwa kama msaidizi hata pale anapofanya kazi yote.

Palipo na hatari ni kwenye daftari. Anayeandika pointi asiwe ndiye anayezijumlisha, na jumla ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi. Angalia pia nani anabaki nyuma. Mara nyingi ni wasichana na kina mama wadogo, ambao Jumamosi asubuhi ni ya kufua, kupika na kulea. Wakipewa nafasi ya kwanza kwenye zamu za jioni, na kona salama ya kuwaweka watoto wao, pointi husawazika bila mtu kupendelewa.

Barua ya mapendekezo haigharimu kitu na huandikwa vibaya karibu kila mahali. Kusema kijana ana bidii na nidhamu hakumwambii mwajiri lolote. Andika tarehe alizoanza na kumaliza, jumla ya saa, kazi alizozishika, idadi ya watu aliowaongoza na vifaa alivyokabidhiwa, pamoja na simu ya mtu atakayethibitisha. Daftari la pointi tayari lina hayo yote.

Mtaji wa kikundi

Vijana wengi huipenda njia hii kuliko zote, na wana sababu. Lakini mtaji ukija kabla ya kuaminiana, watu 12 walioshirikiana vizuri kwenye mtaro hugeuka wadai 12. Kwa hiyo kipimo kiwe akiba. Kila mmoja aweke shilingi 50 kwa wiki. Kwa wiki 26 ni 15,600. Pesa si nyingi, ila miezi sita ya kuweka akiba huonyesha nani hulipa kwa wakati, nani huandika, na kama mweka hazina anaulizika. Mfadhili kisha aongeze mara mbili ya akiba hiyo, na awamu inayofuata itolewe baada ya kuona hesabu za ile ya kwanza.

Kikundi lazima kisajiliwe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, na cheti hudumu miaka miwili kabla ya kuhuishwa. Ofisi ni ya afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na Nairobi ina kaunti ndogo 17. Andaeni katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano uliopitisha usajili na kuchagua viongozi, orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na sahihi, na nakala za vitambulisho. Kinachorudisha watu nyumbani mara nyingi ni majina yasiyolingana: kwenye orodha jina la utani, kwenye kitambulisho jingine. Msikimbilie usajili wa shirika kubwa chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024; ripoti zake ni mzigo kwa kikundi cha mtaa mmoja.

Akaunti ya benki iwe na watia sahihi watatu, wawili kati yao watoshe kutoa pesa, na wasitoke nyumba moja. Viongozi wakibadilishwa, nendeni benki wiki hiyo hiyo na kumbukumbu za uchaguzi. Pesa za vikundi hukwama kwa miezi kwa sababu mtia sahihi alihamia Mombasa na hakuna aliyebadilisha fomu.

Biashara ipi? Ukusanyaji wa taka majumbani unaonekana kuwa mwendelezo wa kawaida wa usafi, na ndio wenye vikwazo vingi. Unahitaji vibali vya kaunti na vya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza tangu nyumbani. Zaidi ya hayo, karibu kila mtaa una kikundi kingine kilichoshika milango hiyo miaka mingi. Zungukeni mtaa mzima mkiuliza nani hukusanya wapi, kisha mkae na wenzenu kabla ya kununua mkokoteni. Kuingia kwenye eneo la watu kwa nguvu huleta damu, na hakuna ada ya nyumba inayostahili hilo.

Kuosha magari huhitaji pesa kidogo, ila maji hununuliwa na sehemu nyingi ziko kwenye hifadhi ya barabara. Siku ya bomoabomoa hakuna fidia. Kukodisha viti na hema ndiko tunakokupendekeza kwa kuanzia. Mazishi, harusi na mikutano ya shule haiishi, vifaa havihitaji kazi ya kila siku, na Jumamosi ya usafi inaweza kuendelea ikiwa wawili tu wamekwenda kushusha viti. Pangeni viti 50 kwanza, vyote vya rangi moja na vyenye alama ya kikundi iliyochomwa chini, kwa kuwa viti vya plastiki hubadilishana kwenye matanga. Chukueni amana kabla ya kushusha, hesabuni mbele ya mwenye shughuli wakati wa kuchukua, na muwe na stoo kavu iliyo ndani ya ua wenye lango.

Andikeni kwenye katiba kwamba sehemu maalum ya faida, tuseme asilimia 10, inarudi kwenye kazi za mtaa, na kwamba anayeondoka huchukua akiba yake lakini si vifaa. Mkopo wa Uwezo Fund, mfuko wa serikali unaosimamiwa kwenye maeneo bunge, hauna riba na hukatwa asilimia 3 ya uendeshaji. Ni mkopo hata hivyo. Uombeni biashara ikishakuwa na mapato, si kuianzishia.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa pesa zako ni za chini ya mwaka mmoja, lipia gharama na vifaa, uishie hapo. Wengi wa vijana wako wakiwa bado shuleni au chuoni, sogeza sehemu ya chakula kwenye ada, lakini usiguse nauli. Kikundi kikiwa na miaka miwili, cheti halali na akiba yake chenyewe, peleka nusu ya mfuko kwenye mtaji na upunguze polepole mengine. Ikiwa kazi yenu kubwa ni ya watoto, kila anayeshika zamu awe na cheti cha tabia njema kabla ya siku ya kwanza, wawepo watu wazima wawili ukumbini wakati wote, na mlango ubaki wazi. Picha za watoto zisichapishwe bila idhini ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto.

Kwa mwaka wa kwanza, mgao wetu wa 360,000 ni huu: gharama za Jumamosi 172,800, bima ya afya 43,200, vifaa 36,000, posho ya waratibu wawili 48,000, ada 60,000. Bima na sehemu kubwa ya vifaa hulipwa mwezi wa kwanza, kwa hiyo mfadhili anayetuma 30,000 kila mwezi atume angalau ya miezi mitatu kwa pamoja mwanzoni. Mgao usomwe kwenye mkutano wa kwanza mbele ya vijana wote, tarehe ya pesa kuisha ikitajwa, na uandikwe kwenye kumbukumbu. Mwezi wa tisa kaeni tena na daftari la pointi: walio chini ya nusu ya zamu waulizwe kwa upole, mmoja mmoja, nini kinawazuia, kabla nafasi zao hazijapewa wengine walio kwenye orodha ya kusubiri.